Reli inakaribia mipaka yetu. Goma inajipangia nini?



Mufuko wa simenti, bido ya mafuta, mchele wa Birere, hata simu unayosomea haya maneno: karibu vyote vinafika kwetu kwa kamyo. Kutoka bandari ya Mombasa mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1,500. Kila mpaka, kila bariyeri, kila tairi inayopasuka inaingia katika bei. Na mutu wa mwisho kulipa ni sisi.

Majirani wamekwisha kuona kama barabara peke yake haitatosha. Reli mpya ya Kenya ilifika Nairobi 2017, ikafika Naivasha 2019. Ya Tanzania ilifika Dodoma 2024. Uganda ilitia sahihi mwaka ule ule juu ya kilometa 272 kutoka Malaba. Treni moja ya mizigo inaweza kubeba kontena zaidi ya 100, kazi ya makamyo makumi mengi, na kwa kila tani inakula mafuta kidogo sana.

Na sisi? Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walijenga reli ya Uvira–Kamanyola, eti iunganishe ziwa Tanganyika na ziwa Kivu. Haikufika ziwa Kivu hata siku moja. Juni 2021, Kongo na Uganda walizindua kazi ya barabara za kilometa 223, pamoja na 89 za Bunagana–Rutshuru–Goma. Juni 2022 M23 ikakamata Bunagana. Januari 2025, Goma yenyewe.

Wengine watasema: kwanza amani. Ni kweli, hakuna treni itapita katikati ya bunduki. Lakini reli inachukua miaka mingi kupangwa. Tukingoja amani ndipo tuanze kufikiri, wengine watakuwa wamepanga bila sisi.

Hatusemi kamyo zitoke. Treni inafaa mzigo muzito, mwingi, wa mbali. Kutoka steshoni mpaka soko la Virunga, mpaka Masisi, kamyo njo itafanya kazi, na chukudu pia. Kenya ilipotoa amri mwaka 2019 kontena zipite kwa reli kwa lazima, Mombasa iliandamana, juu kazi za wengi zilikuwa hatarini. Tujifunze pale.

Njo maana tunaomba mambo matatu.

Kwanza, mizigo ihesabiwe na hesabu itolewe mbele ya wanainchi: nini inaingia, nini inatoka, na itakuwa kiasi gani miaka 20 ijayo. Kahawa, viazi na maharagi yetu vina nafasi katika hesabu hiyo. Kamyo ikirudi bila mzigo, ile safari ya bure tunailipa sisi.

Pili, kiwanja kitengwe sasa hivi kwa depo kubwa ya kontena na njia ya reli ya kesho, kabla hakijagawanywa parseli kwa parseli. Kichaguliwe kwa kuangalia Nyiragongo: lava ya 2002 ilipita katikati ya muji, ya 2021 ikakata barabara ya Rutshuru. Kwa hiyo na bandari ya ziwani itengenezwe. Muji wenye mulango moja unafungwa kwa siku moja.

Tatu, hakuna deni la siri. Kenya ilikopa feza nyingi China, na reli ikasimama Naivasha kwa miaka, mbali na mpaka wa Uganda. Mkataba wowote wa barabara ao reli usomwe na wanainchi kabla ya sahihi.

Siku reli itafika Kampala, wachuuzi, madereva na wabebaji wa Goma watapaswa kujua nafasi yao. Tuanze kuuliza leo, katika kata zetu, katika vyuo vyetu, kwa kila kiongozi anayetuomba kura. Mizigo ni yetu, bei ni yetu, mpango pia uwe wetu.