Mpango wa Midia Uanzie Midia

Wananchi wa West Nile wamezoea kuona vibao vya miradi kandokando ya barabara. Kutoka Arua hadi Koboko, na kutoka mjini Koboko hadi gombolola ya Midia, vibao hivyo hutaja jina la mradi, jina la mhisani na mwaka wa kuanza. Jambo ambalo kibao hakitaji ni nani aliyeketi mezani siku ile fedha zilipopangwa. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumzia leo, kwani hapo ndipo unapoamuliwa mustakabali wa mradi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mwaka 1975 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilifanya mambo mawili. Mwezi Februari ilitia saini mapatano mjini Lomé pamoja na nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki, Uganda ikiwa mojawapo. Mwezi uliofuata ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Mikoa kwa ajili ya sehemu zake yenyewe zilizobaki nyuma, kama vile kusini mwa Italia na Ireland. Mara nyingi sisi hukumbuka Lomé na kuusahau mfuko ule wa pili, ingawa ndio wenye mafunzo makubwa zaidi kwetu.

Mwanzoni mfuko huo uligawanywa kwa mafungu ya nchi, na serikali za miji mikuu ndizo zilizoamua matumizi. Mikoa maskini ililalamika kwamba fedha zilitolewa kwa jina lake, lakini sauti yake haikusikika. Mwaka 1988 taratibu zikabadilishwa. Iliamuliwa kwamba fedha zielekezwe zaidi mahali penye shida kubwa. Kwamba mipango iwe ya miaka kadhaa, si ya msimu mmoja. Kwamba wakuu wa mikoa washirikishwe pamoja na serikali zao. Na kwamba fedha za mfuko ziongezwe juu ya fedha za serikali, zisichukue nafasi yake. Hata hivyo mvutano haujaisha. Mwezi Julai 2025 ilipopendekezwa kuunganisha fedha za mikoa na za kilimo katika mpango mmoja kwa kila nchi, kwa bajeti ya miaka 2028 hadi 2034, mikoa mingi ya Ulaya ilipinga. Inahofia kwamba maamuzi yatarudi miji mikuu.

Ikiwa mikoa ya nchi tajiri inaona haja ya kupigania kiti chake mezani, je, Midia isubiri kuletewa habari?

Historia yetu imetuonyesha gharama ya kutokuwepo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba misaada yake isitumike kuimarisha unyanyasaji wa raia uliokuwa ukifanywa na utawala wa Uganda wa wakati huo. Baada ya vita vya 1979 na mapigano yaliyofuata, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na waliporudi walikuta mengi yameharibika. Baadaye ikaja miradi: mpango wa ujenzi mpya wa kaskazini wa mwaka 1992, mfuko wa jamii wa NUSAF mwaka 2003, na mpango wa amani na maendeleo wa PRDP uliozinduliwa mwaka 2007. Shule zilijengwa na visima vikachimbwa. Lakini mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aligundua kwamba mamilioni ya fedha za wahisani kwa ajili ya kaskazini yalikuwa yamepotoshwa. Wahisani wakasimamisha misaada, na Serikali ikairejeshea Ireland Yuro milioni 4. Mkulima wa mihogo wa Koboko hakuwepo fedha zilipopangwa, wala hakuwepo zilipoibwa. Alikuwepo tu wakati wa kukosa.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo hatuna budi kulifungua wenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaitaka wilaya itunge mpango wake kwa kujumuisha mipango ya ngazi za chini. Kwa hiyo baraza la gombolola halihitaji kuomba ruhusa ili lipange. Linalohitaji ni kuhesabu: visima vingapi vinatoa maji na vingapi vimekufa, madarasa mangapi yanavuja, njia zipi hukatika wakati wa masika, na nani atalipa fundi pampu itakapoharibika baada ya mhisani kuondoka. Mgeni akikuta hesabu hiyo tayari, mazungumzo huanzia kwenye haja ya wananchi. Akiikosa, huanzia kwenye karatasi aliyokuja nayo.

Wilaya ya Koboko, inayopakana na Sudan Kusini na Kongo, ina sababu zaidi ya kufanya hivyo. Inawahifadhi wakimbizi huko Lobule na mjini kwenyewe, na utaratibu wa nchi hii ni kwamba sehemu ya asilimia 30 ya huduma za wakimbizi iwanufaishe wenyeji. Lakini asilimia 30 ya kitu gani, na wapi? Asiyekuwa na mpango hawezi hata kudai haki aliyokwisha kupewa. Wakati wa kujiandaa umekuwa mfupi pia. Mwezi Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na waliobaki watachagua kwa uangalifu zaidi mahali pa kuweka fedha zao.

Tunawaomba viongozi wa wilaya wasiufanye mpango kuwa siri ya ofisi. Kila fedha inayoingia, iwe ya Ulaya au zile shilingi milioni 100 za muluka zilizoanza mwaka 2022, itangazwe kwenye ubao wa gombolola, kwa lugha ambayo mwananchi anaisoma. Tunaiomba Serikali nayo isipunguze fungu lake kwa sababu mhisani amefika, maana hapo msaada hugeuka kuwa badala ya haki. Na wananchi tunawakumbusha kwamba mkutano wa bajeti si shughuli ya madiwani peke yao.

Kiti cha Midia kipo kisheria tangu 1997. Kilichobaki ni Midia kukikalia, ikiwa na daftari mkononi.