Juu ya Bia Nyeusi na Michanganyiko Yake

Wanachama wenzetu, neno hili hatuliandiki kwa kumkataza mtu kinywaji chake. Wako miongoni mwetu ambao dini yao imekwisha kukata shauri hilo, na wako wanywao kwa kiasi wakafika kazini kwa saa yao, wote twawaheshimu. Linalotusikitisha ni ile imani ya kwamba stauti, kwa kuwa ni nyeusi na nzito, huongeza damu, na kwamba ikitiwa soda au maziwa ulevi wake hutoweka.

Weusi ule hautokani na damu wala na chuma. Watokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, kama buni zikaangwavyo kwa kahawa. Nusu lita nzima haina hata miligramu moja ya chuma. Basi imani hii ilienezwa na nani? Kwa sehemu kubwa, na wauzaji. Guinness, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1759, ilianza mwaka 1929 kutangaza katika magazeti ya Uingereza kwamba yamfaa mnywaji. Wengine waliitia stauti yao sukari itokayo katika maziwa, wakaiita stauti ya maziwa, hata baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ya huko ikawaamuru waliondoe neno hilo.

Ama michanganyiko, ni mingi. Huko London husimuliwa kwamba mwaka 1861, alipofariki Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, stauti ilichanganywa na shampeni ili hata shampeni nayo ivae nguo za matanga. (Msiba wa shampeni! Wenye nacho wana mambo.) Lakini shampeni ni kali kuliko stauti, basi aitiaye hapunguzi kitu. Watu wa Jamaika hutia maziwa mazito ya kopo na kungumanga, kikawa kinywaji kitamu mno. Na huku kwetu wako watiao soda ya kola.

Soda yaondoa uchungu. Kilevi haiondoi hata tone. Chupa iliyomiminwa yote katika jagi imo jagini yote, na ule uchungu ndio uliokuwa ukimwambia mnywaji aende taratibu. Tena stauti zote si sawa. Guinness ya mapipa inywewayo Dublin ina kilevi asilimia 4.2, na ile ya chupa iuzwayo Nigeria asilimia 7.5, yaani mililita 300 za hiyo ya pili zashinda nusu lita ya ile ya kwanza. Asiyesoma karatasi ya chupa atajuaje?

Twaiomba Kamati basi, katika tafrija zetu, kila jagi la mchanganyiko liandikwe kilichomo na kiasi chake. Na mke wa mwenzetu akijifungua, asipelekewe stauti ati ya kurudisha damu. Apelekewe maharage, nyama na mchicha, na akiona kizunguzungu apelekwe hospitali siku ile ile.