Dawa Tunayoizima Wenyewe

Kompyuta ya nyumbani ikiharibika, hukumu husomwa upesi: ni virusi. Husemwa kama isemwavyo habari ya nzige au mafuriko, janga lisilo na mwenyewe. Nimewafundisha walimu kwa miaka mingi, na sikupata kumkubalia mwanafunzi aliyefeli aseme karatasi ya mtihani ilirogwa. Katika jambo hili pia sikubali. Virusi vingi vya majumbani mwetu huingia kwa mlango tulioufungua wenyewe, tena kwa kumlipa anayetufungulia.

Mlango huo ni programu ya wizi. Mtu hununua kompyuta iliyokwisha kutumika, akaipeleka kwa fundi, na kwa shilingi elfu chache akawekewa Windows, Office na hata dawa ya virusi, zote za kuibwa. Ili zikubali kufanya kazi bila kulipiwa, huja na kijiprogramu cha kuvunja kufuli lake, na maelekezo yake mara nyingi huanza na sharti hili: kwanza zima dawa ya virusi. Hebu msomaji afikiri. Mgeni yuko mlangoni usiku, anasema hataingia mpaka mlinzi apelekwe kulala, nasi tunampeleka! Fundi atasema dawa ile hupiga kelele bure. Pengine mara nyingine ni kweli, lakini mwenye kompyuta hana njia ya kujua ni mara ipi.

Jirani yangu, mama mjane, alikuwa na picha zote za marehemu mumewe katika kompyuta. Kijana wake akaweka programu ya kuibwa ya kuhariri video. Kesho yake hakuna picha iliyofunguka, na pameachwa barua ya Kiingereza ikidai dola. Ndivyo zifanyavyo programu za utekaji. Mojawapo, iitwayo STOP au Djvu, imesambaa sana kwa njia hiyo hiyo ya programu zilizovunjwa kufuli.

Kisha fundi huzima marekebisho yanayotumwa na watengenezaji, eti yanakula bando. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule WannaCry ikapita katika tundu hilo hilo, ikaziba kompyuta za nchi nyingi na kuvuruga hospitali za Uingereza. Miezi miwili ya kuahirisha! Na wenye Windows 10 wajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Wapo wanaojifariji kwamba kompyuta isiyo na intaneti haiugui. Virusi vilivyoitwa Brain, vya ndugu wawili wa Lahore, vilisafiri kwa diski mwaka 1986, na Conficker ya 2008 ilipita pia kwa flashi za mifukoni.

Watanijibu: mzee, programu halali ni ghali, nasi hatuna dola. Bei ni kubwa, sibishi. Lakini Windows tangu toleo la 8, la mwaka 2012, ina dawa yake ndani, bure. Badala ya Office ipo LibreOffice, bure na halali. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitupatia Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili chetu. Wangapi waliitumia? Tuliipita tukakimbilia ya wizi, ya Kiingereza, kisha tunajiita maskini.

Nakala za akiba ziwekwe katika diski ya nje, ichomekwe siku ya kunakili tu, kisha ichomolewe. Ikiachwa hapo, mtekaji ataifunga pamoja na kompyuta. Hili mafundi wachache humwambia mteja, kwa kuwa halina malipo.