CHUMVI YETU NAYO IKAGULIWE



Sisi watu wa reli twajua maana ya kukagua. Tangu zamani mkaguzi wa mabehewa aligonga gurudumu kwa nyundo, akatega sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia vibaya. Hakulivunja ili apate kujua.

Twataka chumvi yetu ikaguliwe vivyo hivyo.

Chumvi ya bahari tununuayo madukani hapa Nakuru hutoka pwani, sehemu za Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Lakini kusini kidogo ya hapo ndipo mto Sabaki uingiapo baharini, na Sabaki ni ule ule Athi unaopokea taka za Nairobi. Plastiki haiozi upesi. Hukatika-katika tu, mpaka ikawa vipande visivyoonekana kwa macho. Jua hukausha maji, wala haliondoi plastiki.

Mwaka 2018 wataalamu wa Korea ya Kusini, pamoja na chama cha Greenpeace, walitangaza kwamba walipima chumvi za aina 39 kutoka nchi 21. Katika aina 36 walikuta plastiki.

Wengine watasema, "Kitu kisichoonekana kitatudhuru nini?" Waganga wangali wakilichunguza jambo hilo. Lakini chumvi hatuwezi kuiacha, maana hutiwa aidini ya kuzuia uvimbe wa shingo. Kitu tusichoweza kukiacha yafaa tujue kina nini.

Kupima si jambo la ajabu. Chumvi huyeyushwa katika maji safi, kisha maji huchujwa kwa chujio laini mno: chumvi hupita, plastiki hubaki. Ziko njia zinazotumia dawa kali kuunguza uchafu uliobaki, na dawa hizo baadaye hapana budi zimwagwe mahali. Sisi wa Nakuru twajua ubaya wake: ziwa letu halina mto utokao, na kiingiacho hukaa humo humo. Lakini iko njia ya picha. Chujio humulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, na kila aina ya plastiki humeza mwanga huo kwa namna yake. Kamera maalum hupiga picha, kompyuta ikahesabu vipande na kutaja aina zake. Dawa zinazohitajiwa ni chache, na vile vipande haviharibiki. Mtu akibisha, vyaweza kupimwa tena mbele yake.

Basi twaomba Chama chetu kiungane na vyama vingine, tudai mambo matatu:

1. Chumvi ya kila kiwanda ipimwe kwa njia isiyochafua maji.
2. Hesabu itangazwe kwa Kiswahili, mahali mnunuzi aonapo.
3. Wenzetu wa mabwawa ya chumvi wasipoteze kazi kwa taka wasizozitupa wao.

Na sisi wenyewe tujikague. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa zingali zimelala kando ya njia ya reli, wala hazikujitupa.

Mkaguzi haandiki "gurudumu zima" kabla ya kugonga. Na mtu asituambie chumvi ni safi kabla ya kuimulika.