Basuni si kichekesho

Ndugu mwandishi, makala yako nimeipenda, ila hapo uliposema basuni ni ala ya kuchekesha, nakataa. Nimepanga chumba juu ya duka la vyakula vya Kikongo, kwanga na makayabu, huku Chaussée de Wavre, Matonge, Brussels, na jirani yangu ni mwanafunzi wa ala hiyo. Wiki nzima anarudia Sarabande et Cortège ya Henri Dutilleux, ya 1942, iliyotungwa kwa ajili ya mitihani ya Konsevatori ya Paris. Inaanza polepole, kama mzee anayepanda ngazi. Kisha msafara unaondoka: piano inakanyaga, basuni inaruka kutoka kifuani hadi puani. Chini wateja wanabishana bei kwa Kilingala, wala hakuna anayemharibia mwenzake.

Mimi mtu wa Lamu niliitambua basuni mara moja: huyo ni ndugu yake nzumari! Tete mbili zinatetemeka midomoni vilevile, ila bomba la basuni, karibu mita 2.5, limekunjwa.

Dutilleux baadaye alizikana kazi zake za ujanani, hii ikiwemo. Hapo simwelewi kabisa. Jirani akifaulu, sambusa nitapika mimi.