Mnataka Nichome Dadu?



Tangu Jumapili simu yangu haijapumzika. "Pasta, vijana wanacheza mchezo wa kufufua wafu ndani ya kanisa. Choma hivyo vitu!" Nimesoma jumbe zote. Nawajibu hapa mbele ya wote: sichomi.

Kwanza nilienda nikaketi nao. Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na kijana wetu mmoja alikuja nao kutoka chuo. Hakuna pepo anayeitwa pale. Ni karatasi, penseli na dadu, nyingine ina pande 20. Kila mmoja anajitungia mtu wake, awe askari, mwizi au kuhani, na mwenzao anaongoza hadithi. Mtu wako akijeruhiwa akaanguka, unarusha dadu. Ukipata 10 kwenda juu mara tatu, amepona hatari. Ukikosa mara tatu, amekufa.

Na ndiyo, sheria zao zina kufufua. Kuhani anahitaji almasi ya thamani ya vipande 500 vya dhahabu, maiti isiwe imepita siku 10, na roho ya marehemu iwe imekubali kurudi. Ninyi mnasema, "Ona uchawi!" Mimi nasema, hawa angalau wanajua wanacheza.

Soma Matendo 8. Simoni aliwaletea mitume fedha ili anunue uwezo wa Mungu, na Petro akamkemea vikali. Sasa nikuulize, mpendwa unayetaka moto: sisi tumemkemea nani?

Mwaka jana tulikuwa na msiba hapa Saboti. Kijana alikufa kwa ajali ya bodaboda. Mhubiri mgeni akaja matangani, akamwambia mama apande mbegu na mwanawe ataamka. Mama akauza ng'ombe. Mwili ukakaa mochari wiki nzima zaidi, bili ikipanda kila siku, kisha tukazika. Wengi wenu mlikuwepo mkisema amina. Nami mchungaji wenu niliogopa kuitwa mtu asiye na imani, nikanyamaza. Nimetubu mbele za Mungu. Leo natubu mbele yenu.

Dada ya yule kijana anacheza mchezo huu. Ameniruhusu niandike. Jumamosi iliyopita mtu wake aliuawa akiziba mlango ili wenzake watoroke. Wenzake wakaanza kuchanga dhahabu yao ya karatasi wapate almasi. Akawaambia, "Mwacheni. Mkimrudisha haraka hivyo, alikufa kwa nini?" Wakamfanyia mazishi palepale mezani, kila mmoja akasema neno moja juu yake. Msichana akalia sana. Mwaka jana hakulia, kwa sababu tulimwambia machozi ni kukosa imani.

Nani alitufundisha hivyo? Yesu alijua atamwita Lazaro atoke kaburini, na bado alilia (Yohana 11). Daudi alifunga akamlilia Mungu kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa. Mtoto alipokufa, aliinuka, akaoga, akaenda kuabudu (2 Samweli 12). Hakutafuta wa kumlipa.

Msinielewe vibaya. Naamini ufufuo kwa moyo wangu wote. Yule aliyesimamisha jeneza pale Naini hajabadilika. Lakini pale Naini hakumwuliza mama mjane ana shilingi ngapi. Na Yeye mwenyewe alikufa kweli, akazikwa kweli, wanawake wakaenda kaburini na manukato ya maiti. Ukiruka Ijumaa Kuu, huna Pasaka ya kumhubiria mtu.

Kwa hiyo, vijana, chezeni baada ya mazoezi ya kwaya, na saa kumi na mbili mwe nyumbani. Mtu wenu akifa kwenye hadithi, msikimbilie almasi. Ketini kidogo na kifo chake.

Wazazi, njooni Jumamosi mwone kwa macho yenu kabla ya kuhukumu.

Na wewe uliye na msiba: mtu yeyote akikutajia bei ya kumwamsha mpendwa wako, nipigie, hata iwe usiku wa manane. Nitakuja. Safari hii sitanyamaza.

Baba, utufundishe kulia na wanaolia, na kungoja parapanda yako bila kuiuza. Katika jina la Yesu.

Amina.