Umejiunga, au Unafuata Tu?

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Ushirombo kumzika shangazi. (Sisi tulizaliwa Mkoa wa Shinyanga, mwaka 2012 tukaambiwa tuko Geita. Nyumba haikuhama!)

Si unajua mambo yangu ya Instagram? Wafuasi kibao. Nilipobandika picha ya marehemu, vikatragosi vya kulia vilimiminika mpaka simu ikapata moto. Ila waliochimba kaburi, waliochota maji na kusonga ugali wa watu wote wale, walitoka kwenye grupu la WhatsApp la mtaani, ambalo niliingizwa miaka sita iliyopita na nikalizima sauti siku ya pili yake.

Usiku mtunza hazina wao, mama mmoja muuza mitumba, akafungua daftari. Misiba, harusi, watoto waliolazwa, kila jina na mchango wake. Langu halikuwemo hata mara moja.

"Wewe mwanangu tunaonaga tiki za bluu tu," akasema. Wala hakukasirika. Mhariri mzima, na shahada yangu ya mawasiliano, nikakosa pa kuweka uso.

Baba mdogo akacheka, akanikumbusha ngoma za Kisukuma. Bagika na Bagalu ni vyama vya ngoma vilivyotokana na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wanashindana baada ya mavuno, mathalani kwenye sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Kisesa. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Kwa hiyo jamani, idadi ya wafuasi haikuanza na simu! Upande mmoja ukitoa chatu, umati wote unakimbilia huko. Mwanachama habanduki. Anabaki anacheza palepale, hata kama anatazamwa na mbuzi.

Sisemi kufuata ni dhambi. Mimi mwenyewe nawafuata wapishi na wabunifu wa mavazi chungu nzima, na raha napata. Tatizo nilikuwa nawafuata hata ndugu zangu.

Asubuhi nikatoa simu, nikataka nilipe ya miaka yote sita kwa mkupuo, kwa M-Pesa. Mama wa mitumba akafunika daftari lake.

"Jumamosi tunamwoza binti wa jirani. Kuna vitunguu vya kumenya. Utakuwepo?"

Tiketi yangu ya basi ilikuwa ya Ijumaa. Nikavaa kandambili, nikaenda stendi kuibadilisha.